Kuhesabu muda wa uchakavu wa mali kwa lahajedwali, mwezi kwa mwezi

Ushirika wa wavuvi ninaoutunzia hesabu hapa Wete, Pemba, una mali tatu tu kubwa: boti ya faiba, mashine yake, na friza ya samaki. Ni tatu tu, na bado Juni 2025 nilipeleka mbele ya wanachama jedwali lililoonyesha friza ina thamani ya shilingi 60,000 chini ya sifuri. Mama mmoja aliyekaa safu ya mbele aliniuliza friza inawezaje kuwa chini ya sifuri na samaki wake wamo ndani wamegandishwa. Alikuwa na haki ya kuuliza, na sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikalijenga jedwali upya tangu mwanzo, na ndilo hilo ninalokuonyesha hapa. Tarakimu nimezilainisha kidogo ili hesabu ifuatike hata kwa kalamu.

Kosa lilikuwa moja: fomula yangu ilijua kuhesabu miezi, lakini haikujua lini isimame. Kazi yote ya uchakavu, yaani kuigawa gharama ya mali kidogo kidogo katika miezi ya maisha yake, imo humo, katika muda: unaanza lini, ni mrefu kiasi gani, umeliwa kiasi gani, na unakwisha lini. Kugawa na kuzidisha ni kazi ya kompyuta.

HATUA YA KWANZA: Uliza kabla hujafungua kompyuta

Kwa kila mali unahitaji mambo manne: gharama, tarehe ya kuanza, thamani ya mabaki, na miezi ya maisha yake. Hakuna hata moja ambalo kompyuta itakupa. Yote yanatoka kwa watu na kwenye karatasi.

Gharama si bei ya risiti peke yake. Mashine yetu ilinunuliwa Unguja kwa shilingi 6,250,000. Nauli ya meli mpaka Mkoani na gari mpaka Wete ilikula 200,000, na fundi aliyeifunga na kuijaribu alichukua 150,000. Basi inaingia kwenye rejista kwa 6,600,000, kwa sababu bila nauli na bila fundi ingekuwa chuma kilicho dukani.

Tarehe nayo si ya risiti. Risiti ya mashine ni ya tarehe 12 Agosti 2022, lakini ilifungwa na kujaribiwa majini tarehe 10 Septemba. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 16, kile wahasibu wanachokiita IAS 16, kinasema uchakavu unaanza mali inapokuwa tayari kwa kazi, iko mahali pake na katika hali ya kufanya kazi iliyokusudiwa. Kwa hiyo tunaandika Septemba. Huku visiwani, ambako mzigo hungoja meli na fundi hungojwa zaidi, tofauti ya risiti na kazi inaweza kufika miezi miwili au mitatu. Iandike tarehe ya kuanza kazi kwa mkono nyuma ya risiti siku ile ile, maana baada ya mwaka hakuna atakayeikumbuka.

Thamani ya mabaki ni kile unachotarajia kukipata ukiiuza mali mwisho wa maisha yake, baada ya kutoa gharama za kuiuza. Mimi humuuliza fundi anayenunua mashine kuukuu kwa ajili ya vipuri. Aliniambia 600,000, nikaandika 600,000.

Jambo la nne ndilo zito. Mashine ya boti inaishi muda gani? Nilimfuata nahodha wetu pwani, boti imetoka kurudi, mashine bado inavuja maji ya bahari kwenye panga. Nikamuuliza tuiandikie miaka mingapi.

"Ya kwanza ilitufikisha miaka saba, mwanangu," alisema, "kwa sababu kila ikirudi tukiiendesha kwenye pipa la maji baridi mpaka chumvi itoke. Hii vijana wanaifunika turubai na chumvi yake ndani. Angalia hapa." Akapitisha kidole chini ya bomba la kupoozea, kikatoka na unga mweupe. "Andika mitano. Wakijirekebisha, utaongeza."

Nikaandika miezi 60. Hakuna kitabu ambacho kingenipa jibu lile, na mkaguzi wa hesabu aliponiuliza limetoka wapi, nilimwonyesha karatasi yenye tarehe, maneno ya nahodha na saini yake. Alilikubali.

Andika miezi, usiandike miaka. Miaka inakupeleka kwenye nusu na robo, na ukiandika 3.3 kisha ukazidisha kwa 12 unapata miezi 39.6, namba isiyo na mwezi wake kwenye kalenda.

HATUA YA PILI: Panga jedwali

Excel, Google Sheets ya kwenye simu, au Calc ya LibreOffice ambayo hailipiwi, zote zinazijua fomula hizi. Kwenye kompyuta nyingine alama ya kutenganisha ndani ya fomula ni nukta mkato badala ya mkato. Fomula ikikataliwa huku umeiandika sawa, jaribu kubadili hiyo kwanza.

Seli B1 weka tarehe ya ripoti. Sisi tunafunga mwaka tarehe 30 Juni, kama mwaka wa fedha wa Serikali. B2 weka mwisho wa mwaka uliopita, na uache kompyuta iutafute yenyewe:

=EOMONTH(B1,-12)

Ikikuletea namba kama 45473, usishtuke. Hiyo ni tarehe iliyovaa sura ya namba. Badilisha mtindo wa seli uwe wa tarehe, utaona 30 Juni 2024.

Mstari wa 4 ni wa vichwa, na mali zinaanza mstari wa 5. Safu ni hizi: A jina la mali, B tarehe ya kuanza kazi, C gharama, D mabaki, E miezi ya maisha, F inakwisha lini, G miezi iliyoliwa hadi ripoti, H miezi iliyoliwa hadi mwaka uliopita, I uchakavu wa mwezi, J uchakavu wa mwaka huu, K uchakavu uliolimbikizwa (jumla yake tangu mwanzo), L thamani ya kitabuni (gharama ukitoa uchakavu huo), M miezi iliyobaki.

Unaandika kwa mkono A mpaka E tu. Mimi safu hizo tano nimezipaka rangi ya manjano, na nyingine nimezifunga ili mtu asibonyeze kwa bahati mbaya akafuta fomula.

Mali zetu tatu ni hizi:

Mstari wa 5, mashine: 10/9/2022, gharama 6,600,000, mabaki 600,000, miezi 60.
Mstari wa 6, boti: 5/7/2021, gharama 12,000,000, mabaki 1,440,000, miezi 96.
Mstari wa 7, friza: 20/3/2021, gharama 1,500,000, mabaki 60,000, miezi 48.

Hapa simama kidogo uangalie tarehe. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani ikisoma 5/7/2021 itaelewa tarehe 7 Mei, na wewe ulimaanisha 5 Julai. Haitalalamika, itahesabu tu, na miezi miwili itakuwa imeingia mahali isipostahili. Mbaya zaidi ni 20/3/2021: kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini, itaichukua kuwa maneno, na fomula zitaleta #VALUE!. Njia ya salama ni kuandika hivi:

=DATE(2021,7,5)

Mwaka, mwezi, siku. Hakuna kompyuta itakayoielewa vingine. Ukirithi jedwali la mtu, andika pembeni =ISNUMBER(B5) na uivute mpaka chini. Penye FALSE, tarehe hiyo ni maneno matupu. Kisha zipitie kwa macho zile zilizobaki, hasa zenye siku isiyozidi 12, kwa maana hizo ndizo zinazoweza kugeuzwa bila kuonekana.

HATUA YA TATU: Fomula za muda

Kwanza, mali inakwisha lini? Seli F5:

=EOMONTH(B5,E5-1)

Tunatoa 1 kwa sababu mwezi wa kuanza unahesabiwa kuwa wa kwanza. Mashine iliyoanza Septemba 2022 kwa miezi 60 inamaliza 31 Agosti 2027. Hesabu kwa vidole ukitaka: Septemba mpaka Agosti ni mwaka kamili, mara tano.

Sasa miezi iliyoliwa, seli G5. Hii ndiyo roho ya jedwali, kwa hiyo nitaijenga kipande kwa kipande. Kipande cha ndani kinahesabu miezi ya kalenda:

(YEAR($B$1)-YEAR(B5))*12+MONTH($B$1)-MONTH(B5)+1

Kwa mashine: 2025 toa 2022 ni 3, mara 12 ni 36. Juni ni mwezi wa 6, toa 9, inabaki 33. Jumlisha 1 ya mwezi wa kuanza, 34. Alama za dola kwenye $B$1 zinaishikilia seli hiyo isisogee unapovuta fomula kwenda chini. Ukizisahau, mstari wa boti utatafuta tarehe ya ripoti kwenye B2, na wa friza kwenye B3 ambako hakuna kitu.

Kwa friza, kipande hicho hicho kinatoa 52, na friza ina maisha ya miezi 48. Hapo ndipo nilipoangukia. Miezi 52 kwa 30,000 ni 1,560,000, wakati friza ilinunuliwa kwa 1,500,000. Ndiyo ile 60,000 iliyozama chini ya sifuri mbele ya mkutano. Dawa yake ni kuiwekea fomula dari na sakafu:

=MAX(0,MIN(E5,(YEAR($B$1)-YEAR(B5))*12+MONTH($B$1)-MONTH(B5)+1))

MIN inachagua iliyo ndogo kati ya miezi ya maisha na miezi ya kalenda, kwa hiyo friza inasimama kwenye 48. MAX yenye sifuri inazuia upande wa pili: mali itakayoanza kazi Agosti ijayo isihesabiwe miezi hasi leo.

H5 ni fomula hiyo hiyo, badilisha $B$1 iwe $B$2 mahali pote pawili. M5 ni =E5-G5. Kwa mashine inabaki miezi 26. Wanachama wangu wanapenda kuisoma kwa miaka, basi pembeni nimewawekea:

="Miaka "&INT(M5/12)&", miezi "&MOD(M5,12)

Inaandika "Miaka 2, miezi 2".

Utakutana na watu wanaotumia DATEDIF, hivi: =DATEDIF(B5,$B$1,"m"). Ni fomula nzuri, ila kwenye Excel haijitokezi kwenye orodha unapoanza kuiandika, lazima uimalize mwenyewe. Na yenyewe inahesabu miezi iliyotimia siku kwa siku, kwa hiyo kwa mashine italeta 33, si 34. Hakuna iliyokosea. Moja inauhesabu mwezi wa kuanza kuwa mzima, nyingine inasubiri utimie. Chagua moja, iandike juu ya jedwali kwa maneno, na usibadilishe mwaka hata mwaka. Mimi nimechagua ya kalenda kwa sababu mweka hazina wetu anaweza kuihakiki kwa kalenda ya ukutani.

HATUA YA NNE: Fomula za fedha

Hizi ni nyepesi. Kwa njia ya mstari ulionyooka, yaani kiasi kile kile kila mwezi:

I5: =SLN(C5,D5,E5)
J5: =I5*(G5-H5)
K5: =I5*G5
L5: =C5-K5

Vuta zote mpaka mstari wa 7. Ukiwa umeandika sawasawa utapata haya kufikia 30 Juni 2025:

Mashine: 100,000 kwa mwezi, mwaka huu 1,200,000, uliolimbikizwa 3,400,000, thamani 3,200,000.
Boti: 110,000 kwa mwezi, mwaka huu 1,320,000, uliolimbikizwa 5,280,000, thamani 6,720,000.
Friza: 30,000 kwa mwezi, mwaka huu 240,000, uliolimbikizwa 1,440,000, thamani 60,000.

Itazame friza. Mwaka huu imekatwa miezi 8 tu, kwa sababu maisha yake yalikwisha Februari 2025. Bado inagandisha samaki, na itaendelea kubaki kwenye rejista kwa 60,000 yake mpaka tuiuze au ife. Ukiwa na mali nyingi zinazofanya kazi huku vitabuni zimekwisha, ujue miezi uliyoandika ilikuwa michache mno.

Jumla ya gharama ni 20,100,000. Toa uchakavu wote, 10,120,000, inabaki 9,980,000, na safu ya L ikijumlishwa lazima itoe hiyo hiyo. Mwisho wa kila mstari niliongeza mlinzi:

=IF(L5<D5,"ANGALIA","Sawa")

Kama ningekuwa nayo siku ile, ile 60,000 chini ya sifuri isingefika mkutanoni.

Swali linaloulizwa kila mwaka na wavuvi: kusi likichachamaa na boti iko juu ya magogo wiki nzima-nzima, mbona uchakavu unaendelea kukatwa? Kwa njia hii ya muda unaendelea, na IAS 16 inasema hivyo waziwazi: mali kukaa bure hakusimamishi uchakavu. Boti iliyo juu ya magogo inapigwa jua na mvua, na faiba inazeeka vilevile. Miezi 96 ya nahodha tayari ina makusi yote humo ndani.

MALI INAYOHESABIWA KWA SAA

Jenereta ni habari nyingine. Waliokuwa Unguja wanaikumbuka Desemba 2009, umeme wa kutoka bara ulipokatika mpaka Machi 2010. Jenereta iliyokuwa ikiwashwa mara moja moja iliunguruma kila siku kwa miezi mitatu. Kalenda haiwezi kulisema hilo. Kwa mali kama hiyo muda wa maisha ni saa, si miezi.

Tuseme jenereta ya nyumba ya wageni Jambiani imegharimu 4,500,000, mabaki 500,000, na fundi anaitarajia ifanye kazi saa 8,000. Kila saa ni shilingi 500:

=(C9-D9)/8000

Ukiiwasha saa 10 kwa siku kwa siku 90, hizo ni saa 900, yaani 450,000 zimeliwa. Jenereta nyingi zina mita ya saa. Isome kila mwisho wa mwezi na uandike kwenye daftari lililofungwa kwa kamba hapo hapo ilipo. Na hapa pia tumia MIN, jumla ya saa isipite 8,000.

MUDA UKIBADILIKA

Hapa ndipo wengi wanaharibu vitabu bila kujua. IAS 16 inataka maisha na mabaki ya mali yapitiwe angalau kila mwisho wa mwaka. Tuseme Julai 2025 nahodha anakuja kusema gia ya mashine imeanza kuteleza, haina zaidi ya miezi 20. Mkono unakimbilia E5 kubadili 60 kuwa 54. Usifanye hivyo.

Ukibadili, fomula zote zitarudi nyuma kuhesabu kana kwamba ulijua tangu 2022. Uchakavu wa mwezi utakuwa 111,111, na uliolimbikizwa hadi Juni 2025 utakuwa 3,777,778, wakati ripoti uliyoisaini inasema 3,400,000. Umebadilisha miaka iliyokwisha kukaguliwa.

Makadirio mapya yanakwenda mbele tu. Chukua thamani ya kitabuni ya siku ya mapitio, toa mabaki, gawa kwa miezi mipya iliyobaki:

=(3200000-600000)/20

Ni 130,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Kwenye jedwali mimi hufungua mstari mpya, "Mashine, baada ya mapitio": tarehe 1/7/2025, gharama 3,200,000, mabaki 600,000, miezi 20. Mstari wa zamani naunakili thamani zake tupu kwenye ukurasa wa kumbukumbu, kisha nauondoa kwenye hesabu hai. Pembeni naandika sababu na nani aliyeileta.

UCHAKAVU WA KODI UNA JEDWALI LAKE

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inatumika Zanzibar kama bara. Sheria hiyo haiangalii miezi ya nahodha. Inagawa mali kwa madaraja na kukata asilimia ya salio linalopungua: daraja la kwanza, zilimo kompyuta, asilimia 37.5, la pili, vilimo vyombo vya majini, asilimia 25, la tatu, zilimo samani za ofisi, asilimia 12.5. Tena inakata kwa kundi zima, si kwa mali moja moja. Fungua ukurasa mwingine wa jedwali kwa ajili yake, na uhakiki viwango vya mwaka husika kabla ya kujaza ritani.

Kwa hesabu tupu ya salio linalopungua, mali haifiki sifuri kamwe. Kompyuta ya 1,600,000 kwa asilimia 37.5 inabaki 1,000,000 mwaka wa kwanza, 625,000 wa pili, 390,625 wa tatu. Kwa hiyo swali la muda linageuka: itachukua miaka mingapi kushuka hadi kiasi fulani? Kama gharama iko C5, kiasi unachokitaka D5, na kiwango E5:

=LN(D5/C5)/LN(1-E5)

Kwa kushuka hadi 160,000, sehemu moja ya kumi, inaleta 4.9. Izungushie ROUNDUP, utapata mwaka wa 5.

KABLA YA KUCHAPA

Chagua mali moja na uihesabu kwa kalamu tangu mwanzo mpaka mwisho. Badilisha B1 iwe tarehe ya miaka kumi mbele, uone kama kila thamani imesimama kwenye mabaki yake na safu ya M yote ni sifuri, kisha irudishe. Mali ikiuzwa, ongeza safu ya N ya tarehe ya kuondoka, na ndani ya fomula ya G weka MIN($B$1,N5) mahali palipokuwa na $B$1; seli ikiwa tupu, MIN inaiacha. Fanya vivyo hivyo kwenye H kwa $B$2. Thamani iliyobaki kwenye L siku hiyo ndiyo ya kulinganisha na bei uliyouzia, na baada ya ripoti ya mwaka huo mstari unatoka.

Chapa nakala mbili, moja ya mweka hazina na moja ya kubandika ukutani kwenye banda la samaki. Ile ya ukutani mimi naiacha na safu nne tu: mali, inakwisha lini, thamani, miezi iliyobaki.